Kichaka cha Chumvi na Mji wa Broken Hill

Katika bara la Australia, karibu na mpaka wa jimbo la New South Wales na jimbo la South Australia, pana mji wa wachimba madini uitwao Broken Hill. Kutoka huko mpaka Sydney, ulio mji mkubwa wa pwani ya mashariki, ni mwendo wa maili 700 hivi kwa barabara; na kwenda Adelaide, upande wa kusini-magharibi, ni maili 300 na zaidi. Msafiri atokaye Sydney hupita kwanza penye milima na misitu, kisha penye mashamba ya ngano. Baadaye miti hupungua, kisha hufupika, hata mwisho huona mbele yake uwanda mwekundu usiokuwa na kikomo. Mvua ya mwaka mzima huko ni inchi 10 tu, na iko miaka ambayo haifiki hata nusu yake. Jua la kiangazi ni kali mno, na upepo hauna kitu cha kuuzuia.

Juu ya ardhi hiyo nyekundu humea vichaka vya rangi ya majivu. Vingine ni vifupi, havipiti magoti. Vingine ni vikubwa kupita kimo cha mtu. Kwa mbali vyaonekana kama vimenyunyiziwa chokaa. Mgeni huvidharau, akidhani ni magugu yaliyokwisha kukauka. Lakini akichuma jani moja na kulitia mdomoni, huona mara moja kwamba lina chumvi, kana kwamba limetolewa baharini. Na bahari iliyo karibu i umbali wa maili 200 hivi.

Hicho ndicho kichaka cha chumvi. Habari zake zafaa kujulikana na kila mkulima na mfugaji wa nchi kavu, kwa kuwa mji wa Broken Hill ulikuwa karibu kushindwa na mchanga, na mmea huu uliodharauliwa ndio ulioshika ardhi yake.

MMEA WENYEWE

Jamaa ya vichaka vya chumvi ni kubwa, nayo imeenea katika nchi nyingi za dunia zenye udongo wa chumvi. Katika Australia peke yake ziko aina zipatazo 60. Mimea hii ni ndugu wa spinachi na biti, na mchicha nao ni wa ukoo huo huo. Aina iliyo kubwa kuliko zote huko wenyeji wa Kizungu waliipa jina la Mzee, na kweli rangi yake ni kama ya kichwa chenye mvi. Huweza kufika urefu wa futi 10, na upana wake huweza kuwa sawa na urefu. Wataalamu wa mimea huiita Atriplex nummularia. Jina hilo la pili limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya sarafu ndogo, kwa sababu majani yake ni ya mviringo kama senti.

Ni jambo la kustaajabisha jinsi mmea huu unavyoishi mahali ambapo mahindi au maharagwe yangekufa kwa siku chache. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta unyevu, nayo inyonyapo maji huinyonya na chumvi pamoja. Mimea mingi ikipata chumvi ya namna hiyo hunyauka. Kichaka hiki hakiiachi chumvi ikae ndani ya nyama ya jani. Huipeleka nje, kwenye vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu, vilivyosimama juu ya ngozi ya jani kama puto juu ya kijiti. Vifuko vikijaa hupasuka, na chumvi hubaki juu ya jani kama vumbi jeupe. Hilo ndilo linalokipa kichaka rangi yake ya fedha. Na weupe huo hurudisha nyuma mwanga wa jua, jani lisipate kuungua.

Kwa kawaida vichaka viume na vichaka vike huwa mbalimbali, kama ilivyo mipapai, na upepo ndio uchukuao mbelewele kutoka huku kwenda kule. Mbegu hufungwa katikati ya vijani viwili vidogo, navyo pia vina chumvi. Mvua haba ikinyesha, chumvi hiyo huizuia mbegu isiote. Hapana budi inyeshe mvua ya kutosha kuiosha chumvi yote ndipo mbegu iamke. Kwa hiyo mbegu haidanganyiki na manyunyu ya siku moja. Hungoja mpaka ardhi imelowa kweli kweli. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu baadaye ndilo lililowashangaza watu wa Broken Hill.

CHAKULA CHA WATU

Wenyeji wa asili wa nchi ile ni Wawilyakali, walio sehemu ya taifa la Wabarkandji, watu wa mto Darling. Walikaa huko maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika, wala hawakuiona nchi yao kuwa jangwa la njaa. Walijua kila mmea na majira yake. Katika sehemu nyingi za Australia wenyeji walikusanya mbegu za vichaka vya chumvi na za nyasi, wakazisaga juu ya mawe, wakakanda unga na kuuoka katika majivu ya moto kama mkate. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake hasa, nayo ilitaka subira, kwani mbegu ni ndogo na maganda yake ni mengi. Kipo pia kichaka kingine cha jamaa iyo hiyo kizaacho matunda madogo mekundu au manjano, yenye ladha tamu iliyochanganyika na chumvi, na watoto huyapenda.

Majani ya kichaka cha Mzee nayo huliwa. Yale machanga huchemshwa kama mboga, na maji ya kwanza humwagwa ili kupunguza chumvi na ukali. Siku hizi wapishi wa hoteli kubwa za Sydney na Melbourne hukausha majani hayo na kuyasaga yawe kiungo cha kutia juu ya nyama, au huzungushia samaki majani mabichi kabla ya kumchoma. Hivyo kitu kilichokuwa chakula cha watu walioitwa maskini sasa huletwa mezani kwa matajiri, tena kwa bei ya juu.

Mkaaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hataona ajabu sana kusikia hayo. Yeye huijua mboga ya pwani, ule mmea mnene utambaao juu ya mchanga karibu na maji ya bahari, ambao majani yake yana chumvi na hupikwa kuwa kitoweo. Mmea huo si wa jamaa moja na kichaka cha Australia, lakini yote miwili imejifunza kazi ile ile ya kuishi penye chumvi, na watu wa pande zote mbili waligundua kwamba inalika.

KONDOO NA SUNGURA

Mwaka 1844 msafiri Charles Sturt alipita katika vilima vya nchi hiyo akitafuta bahari aliyodhani iko katikati ya bara. Bahari hakuiona, aliona mawe, joto na kiu. Lakini nyuma yake, katika miaka ya 1850 na 1860, walikuja wafugaji wa Kizungu pamoja na kondoo zao. Waliona kwamba kondoo hula kichaka cha chumvi na kunenepa, na ya kuwa kichaka hubaki kibichi hata nyasi zote zikiisha kwa ukame. Wakadhani wamepata malisho yasiyokwisha. Serikali iliwakodisha maeneo makubwa kupita kiasi, na kila mmoja akaingiza kondoo wengi kadiri alivyoweza kununua.

Walichokosea ni hesabu. Kichaka cha chumvi huweza kuishi miaka mingi, lakini hukua polepole. Kikiliwa kidogo na kupumzishwa huchipuka tena. Kikiliwa daima, mwaka baada ya mwaka, hata matawi yakabaki matupu, hufa. Na kikifa, udongo uliokuwa chini yake haushikwi na kitu.

Tena kondoo hawakuwa peke yao. Mwaka 1859 mwenye shamba mmoja katika jimbo la Victoria, jina lake Thomas Austin, aliletewa sungura kutoka Uingereza, akawafungulia ili awe na wanyama wa kuwinda. Sungura hao walizaana kwa namna isiyopata kuonekana, wakaenea kama nzige, na katika miaka ya 1880 walikuwa wameingia nchi kavu ya magharibi ya New South Wales. Kondoo alipoacha kijani, sungura alikuja kukimaliza; na mche mdogo uliochomoza uliliwa kabla haujapata jani la tatu.

Kisha ukaja ukame mkubwa, uliodumu tangu 1895 mpaka 1902. Kondoo wa sehemu ile ya magharibi walikufa kwa wingi hata idadi yao ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1901 serikali ya New South Wales iliweka tume kuchunguza hali ya wapangaji wa ardhi ile. Tume ilisikia ushahidi wa taabu nyingi: sungura, ukame, madeni, mchanga unaohama, na malisho yaliyoliwa kupita kiasi. Watu wengi waliiacha nchi hiyo na kwenda zao. Vichaka vilivyokuwa vimeishika ardhi tangu zamani vilikuwa vimekwisha mahali pengi.

FEDHA CHINI YA KILIMA

Mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya madini. Mwezi wa Septemba 1883, Charles Rasp, aliyekuwa mfanyakazi wa kuzunguka mipaka katika shamba la kondoo la Mount Gipps, alipima na kuweka vigingi juu ya kilima cheusi cha mawe, akidhani ameona madini ya bati. Watu saba wa shamba lile walishirikiana fedha zao. Bati halikuwako, kilichokuwako ni fedha, risasi na zinki, kwa wingi uliofanya kilima kile kuwa mojawapo ya machimbo makubwa ya dunia. Mwaka 1885 ilianzishwa kampuni ya Broken Hill Proprietary, ambayo jina lake limekuwa kubwa duniani hata leo.

Watu walikuja mbio. Mwaka 1888 reli ilifika kutoka upande wa South Australia. Mahali pasipo na reli mizigo ilichukuliwa na ngamia, nao waliongozwa na Waislamu waliotoka Afghanistan na sehemu za India ya wakati ule. Msikiti wao mdogo wa mabati ungalipo Broken Hill, nao umehifadhiwa kama nyumba ya ukumbusho. Ngamia zao walikula kichaka cha chumvi kwa furaha, kwani ngamia popote alipo hupenda mimea ya chumvi.

Lakini mji wa machimbo huhitaji kuni. Matanuri ya kuyeyusha madini yalitaka kuni. Mashimo ya chini yalitaka magogo ya kushikilia mawe. Nyumba za maelfu ya watu zilitaka moto wa kupikia. Miti iitwayo mulga, ambayo huchukua miaka mingi kukua katika ukavu ule, ilikatwa pande zote, na kila mwaka mkata kuni alilazimika kwenda mbali zaidi. Mbuzi wa watu wa mjini walikula kilichobaki. Hivyo ardhi iliyouzunguka mji ikawa uchi.

VUMBI

Hapo ndipo adhabu ilipokuja. Upepo wa magharibi na wa kusini ulipovuma, mchanga uliinuka na kuja juu ya mji kama ukuta mwekundu. Mchana uligeuka kuwa giza, na taa zikawashwa. Mchanga uliingia chini ya milango, ukakaa juu ya meza na vitanda na ndani ya sufuria. Ulijikusanya penye nyua mpaka ukazifunika, na mwenye nyumba alilazimika kuuondoa kwa sepeto, kisha kesho yake kuuondoa tena. Bustani zilizikwa.

Tena vumbi la Broken Hill halikuwa vumbi tupu. Mji umejengwa juu ya risasi na pembeni mwa risasi, na risasi ni sumu kwa mwili wa mtu, hasa kwa mtoto mdogo anayecheza chini na kutia vidole mdomoni. Katika miaka ya 1990 watoto wa mji walipopimwa damu, wengi walionekana kuwa na risasi kupita kiasi kinachofaa, na kazi ya kuwalinda ingali ikiendelea. Kwa hiyo kuzuia vumbi si jambo la usafi tu. Ni jambo la afya ya watoto.

Wapo waliosema kwamba hapana dawa, ya kuwa nchi ile ni jangwa kwa asili na mtu hawezi kushindana nayo. Wengine walijaribu kupanda miti ya kigeni, wakaimwagilia maji ya thamani. Ikafa kwa jua, au ikaliwa na mbuzi, au ikazikwa na mchanga.

BWANA MORRIS NA MKEWE

Alikuwako katika mji huo Bwana Albert Morris, aliyezaliwa 1886 huko South Australia na kuletwa Broken Hill angali mtoto. Kazi yake ilikuwa kupima madini katika maabara ya chimbo moja. Hakuwa mtaalamu wa mimea kwa shahada. Elimu yake ya mimea aliipata kwa kusoma peke yake na kwa kutembea porini siku za mapumziko, akiokota matawi, akiyakausha na kuyaandikia majina. Mkewe, Bibi Margaret Morris, alishirikiana naye katika kazi hiyo, akiichora mimea kwa mkono wake. Wote wawili walikuwa Wakristo wa dhehebu la Quaker, watu wa maneno machache. Mwaka 1920 walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wapenda viumbe cha mji huo, naye Bwana Morris akawa katibu wake.

Nyumba yao ilikuwa pembeni ya mji, mahali ambapo mchanga ulikuja kwanza. Bwana Morris alifanya majaribio katika kiwanja chake mwenyewe mwaka baada ya mwaka. Akaona mambo mawili. La kwanza, mimea ya nchi ile ile, kama kichaka cha chumvi, ilishika mchanga vizuri kuliko miti iliyotoka mbali. Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Naye aliuona ukweli wa neno hilo bila kuwahi kulisikia. La pili, tena lililo kubwa zaidi, ni kwamba ardhi haikuwa imekufa. Mbegu zilikuwamo mchangani, nyingine zililetwa na upepo. Kilichozikosesha nafasi ni jino la mnyama. Basi akasema: jengeni ua kwanza, waondoeni sungura, mbuzi na kondoo, kisha ngojeni mvua.

Watu wengi hawakumwamini. Kujenga ua kuzunguka mchanga mtupu kulionekana kama kazi ya mwenda wazimu. Ua unalinda nini, ikiwa ndani yake hamna kitu?

UA

Mwaka 1936 kampuni ya madini iitwayo Zinc Corporation ilitaka kujenga majengo mapya upande wa kusini wa mji, mahali palipopigwa sana na mchanga. Wakubwa wa kampuni walimwomba Bwana Morris shauri. Aliwapa shauri lile lile, nao wakalikubali. Ekari 22 zilizungushiwa ua wa waya wa matundu madogo, ulioweza kuzuia sungura, na ndani yake ikapandwa miche ya miti na vichaka, kichaka cha chumvi cha Mzee kikiwa kimojawapo. Miche ilisaidiwa kwa maji machafu yaliyosafishwa.

Miche ilishika. Lakini jambo lililowafungua watu macho halikuwa miche. Mvua ziliponyesha, penye nafasi tupu ndani ya ua, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliopanda kitu, yalichomoza majani. Zilikuja nyasi, yakaja maua ya porini, vikaja vichaka vya chumvi vidogo vidogo kwa wingi. Nje ya ua, hatua moja tu kutoka hapo, mchanga ulikuwa mtupu kama zamani. Udongo ulikuwa mmoja, mvua ilikuwa moja, na upepo mmoja. Tofauti ilikuwa waya.

Baada ya kuona hayo, makampuni mengine ya madini yalichangia fedha, na maeneo mengine makubwa yakazungushiwa ua, hata ukapatikana mshipi wa kijani upande wa kusini na wa magharibi wa mji, ndiko utokako upepo mbaya. Maeneo hayo mapya hayakupandwa miche kwa wingi wala kumwagiliwa maji. Yaliachiwa mbegu na mvua. Mchanga ulitulia. Bwana Morris alifariki mwezi wa Januari 1939, akiwa na umri wa miaka 52, lakini alikuwa amekwisha kuona kazi yake ikifaulu. Bibi Morris aliendelea kuiangalia baada yake, na katika miaka ya 1950 mshipi uliendelezwa mpaka pande nyingine za mji.

Ushahidi mwingine uko katika jimbo la South Australia, penye shamba la kondoo la Koonamore. Huko, mwaka 1925, Profesa T. G. B. Osborn wa Chuo Kikuu cha Adelaide alizungushia ua eneo la karibu ekari 1,000 lililoharibiwa kabisa na kondoo. Tangu mwaka huo mimea yake imehesabiwa na kupigwa picha kutoka mahali pale pale, na kazi hiyo imepokewa na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi. Picha hizo zinaonyesha vichaka vikirudi, lakini polepole, kwa makumi ya miaka, hasa kwa sababu sungura waliendelea kupenya ndani kwa muda mrefu. Ardhi huharibiwa kwa miaka michache. Kuponywa kwake huhitaji umri wa mtu mzima.

FAIDA NA TAHADHARI

Mfugaji atauliza kama kichaka hiki ni malisho mazuri. Jibu ni kwamba ni malisho mazuri ya akiba, wala si chakula cha peke yake. Majani yake yana vitu vya kujenga mwili kwa wingi kuliko nyasi iliyokauka, na hubaki mabichi wakati wa kiangazi. Lakini chumvi yake ni nyingi. Kondoo akilishwa majani hayo tu hunywa maji mengi mno, na asipopata maji matamu karibu hudhoofika. Afadhali apewe pamoja na majani makavu ya nyasi au mabua, ndipo vyote viwili vinapomfaa. Wakulima wa Australia siku hizi hupanda kichaka cha Mzee kwa mistari, wakaacha nyasi katikati. Huingiza kondoo kwa majuma machache, kisha huwaondoa ili vichaka vichipuke. Nyama ya kondoo waliokula kichaka cha chumvi husifiwa kwa ladha, na huuzwa kwa jina hilo.

Kichaka hiki hutumiwa pia penye mashamba yaliyoharibiwa na chumvi kwa sababu ya kufyeka miti au kumwagilia maji pasipo mifereji ya kuyatoa. Mizizi yake mirefu hunyonya maji ya chini, na shamba lisilozaa ngano huweza kulisha mifugo. Walakini mtu asidhani kwamba mmea huondoa chumvi yote katika ardhi, kwani majani yakianguka chumvi hurudi pale pale.

Tena mmea ufaao kwao huweza kuwa udhia ugenini. Mwishoni mwa karne ya 19 kichaka cha Mzee kilipelekwa Afrika ya Kusini, katika nchi kavu ya Karoo, nacho kimewasaidia wafugaji wengi wakati wa ukame. Lakini kimetoka mashambani na kumea chenyewe porini, hata sheria ya huko imekiweka katika mimea ya kigeni inayotakiwa kuchungwa. Fundisho la Bwana Morris halikuwa kwamba kila nchi ipande kichaka cha Australia. Alitafuta dawa ya ardhi katika mimea ya ardhi ile ile.

HALI YA SIKU HIZI

Broken Hill sasa ni mji wa watu wapatao 17,000, wachache kuliko zamani, maana madini yaliyokuwa rahisi kuchimbwa yamepungua. Maji yake, tangu 2019, huletwa kwa bomba la urefu wa maili 170 hivi kutoka mto Murray. Mwaka 2015 mji mzima uliandikwa katika orodha ya urithi wa taifa la Australia, ukiwa mji wa kwanza kupewa heshima hiyo, na mshipi wa vichaka ulitajwa kuwa sehemu ya sifa zake. Mwaka huo huo mahakama ya Australia ilitambua haki za Wabarkandji juu ya sehemu kubwa ya nchi yao ya asili. Wajuzi wa kwanza wa kichaka cha chumvi hawajasahauliwa, ijapokuwa walingoja kwa muda mrefu.

Dhoruba za vumbi zingali zikija miaka ya ukame mkubwa, kwani nchi ya mbali ingali kavu na mshipi hauwezi kuzuia upepo wa bara zima. Lakini mchanga wa karibu, ule uliozika nyua na bustani, umeshikwa. Msafiri asimamapo juu ya rundo kubwa la takataka za machimbo lililo katikati ya mji, na kutazama kusini, huona mabati ya nyumba, kisha vichaka vya rangi ya fedha vilivyosongamana, kisha uwanda mwekundu.

Ua nao ungalipo, nao hutaka kuangaliwa daima. Waya hushika kutu, mchanga huufukia chini, sungura huchimba, na mbuzi wa porini hutafuta penye tundu. Kila tundu lisilozibwa kwa wakati ni njia ya kurudi mahali pa zamani. Kwa sababu hiyo wako watu wa mji wanaojitolea kutembea kandokando ya ua wakiwa na koleo na waya mikononi, wakitengeneza palipoharibika, nao ndani ya ua wanakutana na kichaka cha Mzee kikiwa kimesimama na chumvi yake, kikingoja mvua.